Mbwa kaingia kwangu, na mwenyewe yuko nyuma anakuja

MUULIZE MJOMBA

Toleo lililopita dada mmoja wa Virginia aliuliza kama wale wanaume wa pikapu wana ruhusa kuingia kwenye ardhi yake kufuata mbwa wao wa kuwindia kulungu, mi nikamjibu mistari minne tu kwamba ndio, kwa jimbo lile sheria inawaruhusu, afu nikaruka kwenda kwenye swali la viza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja kutoka Virginia, Georgia, hadi North Carolina, wengine wenye mashamba wengine wawindaji, na wote wamenikasirikia, wenye mashamba wanasema nimewauza na wawindaji wanasema sikuwatetea vya kutosha. Basi leo ukurasa mzima ni wa mbwa, wa viza mtanivumilia.

Halafu kulungu ninaowasema ni wale wa Marekani wenye mkia mweupe kwa chini, ambao kwenye Zaburi wangeitwa ayala, ila watu wetu kule wote wanasema kulungu na mi nasema hivohivo, mtaalamu wa wanyama asiniandikie.

Mjomba shikamoo. Ni mimi yule wa toleo lililopita. Tuna ekari 14 vijijini, mashariki ya milima ya Blue Ridge, tumeweka vibao pande zote vya kukataza watu kuingia. Jibu lako limeniacha na hasira. Yani mtu anaingia kwangu saa yoyote akisema tu nafuata mbwa, basi? Sasa vibao nimeweka vya nini? – Mama Kuku, Virginia

Marahaba mwanangu, na samahani, mistari minne haikukutosha.

Sheria yenyewe ukiisoma ni kipande kifupi sana lakini karibu kila neno pale lina kazi, na wanaokuja mlangoni kwako wanapenda kukariri nusu yake tu. Inasema mwindaji anaweza kufuata mbwa wake hata kwenye ardhi iliyokatazwa. Hiyo ndo nusu wanayoijua. Nusu ya pili ni kwamba hawezi kubeba bunduki wala upinde akiwa kwako, hawezi kuwinda akiwa kwako, gari haliingii bila wewe kukubali (pikapu ibaki barabarani, aje kwa miguu yake), na ukimuuliza jina lake wewe au mtu uliyemwachia shamba akakataa makusudi kujitambulisha, hilo ni kosa la daraja la 4 (la chini kabisa kwenye makosa madogo, la 1 ndo la juu) ambalo faini yake inafika dola 250. Sio pesa nyingi najua, lakini ni kosa, na anajua ni kosa.

Sasa kuna kijineno kimoja pale ndo mi nakipenda kuliko vyote. Wanaowinda mbweha na rakuni (kale kanyama ka Marekani kenye mkia wa pete) sheria inawaruhusu wafuate mbwa wao, na wanaowinda wanyama wengine, kulungu wakiwemo, inawaruhusu waingie kuchukua mbwa wao tu. Ila wote imewawekea sharti kwamba msako uwe umeanzia kwenye ardhi nyingine. Umeanzia kwingine. Yani mbwa kamfumua kulungu huko anakoruhusiwa, kulungu kakimbia, mbwa kafuata, wakajikuta kwako. Hiyo ndo picha sheria iliyokuwa nayo kichwani, bahati mbaya ya msako.

Lakini we mwenyewe umeandika kwenye barua yako (nimekata ilikuwa ndefu) kwamba kila Jumamosi ya Novemba pikapu nne zinasimama kwenye kona ileile ya barabara, mbwa wanashushwa hatua chache tu kutoka kwenye kibao chako, wanaingia kwenye kichaka chako ambacho dunia nzima inajua kulungu wanalala humo, na wale wengine wameshazunguka upande wa pili kusubiri. Hapo msako umeanzia wapi mama? Umeanzia kwako. Virginia ina kifungu chake kabisa kwa mtu anayeachia mbwa wa kuwinda makusudi kwenye ardhi ya mwenzake iliyowekwa vibao bila ruhusa, kosa la daraja la 3, faini mpaka dola 500, na akirudia ndani ya miaka 3 linapanda kuwa la daraja la 1 ambalo lina jela mpaka miezi 12. Kwa hiyo vibao vyako vina kazi, bila vibao kifungu hicho hakikusaidii.

Shida ni lile neno makusudi. Mtu atasema mbwa walinichomoka. Mara moja, sawa, mbwa huchomoka. Mara ya sita kona ileile saa ileile sio kuchomoka tena hiyo, ila ni lazima uwe na hizo mara sita zimeandikwa mahali. Weka zile kamera za porini zinazojipiga picha zenyewe, weka ikitazama ile kona, nunua daftari uandike tarehe, saa, namba ya gari. Na unapopiga simu usiishie kwa sherifu peke yake, yule ana ajali na ugomvi wa mabaa, tafuta askari wa wanyamapori wa Department of Wildlife Resources, idara ya wanyamapori ya jimbo, ambayo mpaka 2020 ilikuwa inaitwa Game and Inland Fisheries, vibao vingine vya zamani bado vina jina hilo, ni watu walewale. Hao ndo kazi yao, na ukiwaonyesha daftari wanakusikiliza tofauti kabisa na ukiwaonyesha machozi.

Mjomba mambo vipi. Mi niko upande ule unaosemwa. Nimeoa huku kusini mwa Virginia, baba mkwe kaniingiza kwenye klabu yao ya uwindaji, tuna mbwa 17 na ardhi tunayokodi kihalali kabisa. Mwaka juzi mzee mmoja jirani kamkamata mbwa wetu, kavua kola ya jipiesi kaitupa mtoni, mbwa tumempata siku ya tatu ana majeraha miguuni. Kola moja ni mamia ya dola. Afu nyie waandishi mnasema sisi ndo wabaya. Mbwa hajui kusoma kibao Mjomba. – Mkwe wa Watu

Poa kijana. Kwanza huyo mzee kafanya ujinga na ingefaa mumshitaki. Kumvua mbwa kola ya mawasiliano bila ruhusa ya mwenyewe, kwa nia ya kumfanya asipatikane, Virginia ni kosa la daraja la 1, ni lile kubwa kuliko yote kwenye makosa madogo, jela mpaka miezi 12 na faini mpaka dola 2,500. Linganisha na dola 250 za mwindaji anayekataa kutaja jina. Wenye mashamba someni hapo mara mbili, manake wengi wenu mnaona kola ndo kitu rahisi cha kumalizia hasira.

Sasa hilo la mbwa hajui kusoma. Kila mwenye mbwa analisema, na ni kweli, lakini wewe unajua kusoma, na una skrini mkononi. Zile kola za Garmin na skrini yake mnazotumia zinafuata mpaka mbwa 20 kwa wakati mmoja, umbali wa maili 9 ambao ni kama kilomita 14 pakiwa wazi, na mipaka ya mashamba siku hizi inaonekana kwenye ramani za simu ikiwa na majina ya wenyewe. Baba mkwe wako alipokuwa kijana alisimama kwenye giza anasikiliza kwa masikio, mbwa wakivuka kilima alikuwa hajui wako kwa nani, hajui mpaka jioni. Wewe unamwona mbwa anaukaribia mpaka kabla hajaufika. Una kitufe cha kumlilia mlio arudi kama mmemfundisha. Kwa hiyo utetezi ule wa zamani bado upo ila umepungua, na mwenye shamba naye anajua kuwa unaona, ndo maana anakasirika zaidi kuliko baba yake alivyokasirika.

Nikwambie kitu. Kuna Disemba moja nilialikwa kwenda na kikundi kama chenu, mi nilienda kwa ajili ya kuona tu, bunduki sikushika. Tulisimama njia ya msituni na mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, baridi ya kufa mtu, na huko bondeni mbwa wakaanza kulia. Yani sikujua. Sio kubweka, ni kama kwaya inaanza mbali, sauti moja inaanzisha afu nyingine zinaingia, na yule mzee amefumba macho ananitajia kila mbwa kwa jina kutokana na sauti yake, huyu kaipata harufu, huyu anadanganya bado hajaipata, yule mtoto wa huyu. Nlielewa pale kwa nini mtu anaamka saa kumi usiku kwa ajili ya kitu hiki na kulungu mwenyewe wala asimpate. Siku ile hatukupata.

Afu mbwa wakavuka wakaingia nyuma ya nyumba mpya, nyumba ya matofali, bembea ya mtoto uani. Yule mzee akaweka bunduki kwenye pikapu, akavua kofia, akaenda kugonga mlango wa mbele. Sheria haikumlazimisha kugonga, angeweza kupita tu pembeni akachukua mbwa wake. Nikamuuliza njiani kwa nini unajisumbua, akasema ardhi hii nimewinda tangu mtoto, mwenye nyumba hii ana miezi minane, yeye hajui hayo na hana kosa kutoyajua. Wakaongea mlangoni karibu nusu saa, mi natetemeka nje. Vijana wawili wa kikundi walikaa kwenye gari wanalalamika kwamba mzee anapoteza muda.

Basi we jiulize kwenye klabu yenu nani anagonga mlango. Na huyo mzee wa kola, kabla ya kola kuna mtu aliwahi kwenda kwake mchana, msimu haujaanza, mikono mitupu, akamwachia namba ya simu? Sikuulizi kumtetea, kosa lake nimeshalitaja kwa bei yake.

Mjomba, naweza kumpiga mbwa risasi akiwa kwenye ardhi yangu? Nina ng'ombe. – Msomaji, Virginia

Kama mbwa unamkuta anaua au anashambulia ng'ombe wako au kuku wako, hapo sheria inakuruhusu kumzuia hata kwa kumuua. Kama anapita tu pua chini anafuata harufu ya kulungu, hapana, hapana kabisa, kulungu sio mfugo wako hata kama analala kwako kila siku. Ukimpiga utakuwa na kesi ya kuua mnyama wa mtu na kesi ya ukatili, na utakuwa na wanaume kumi barabarani ambao mbwa yule walikuwa wanamlaza karibu na jiko baridi ikizidi. Na kwa uzoefu wangu anayeuliza swali hili kwa sentensi moja huwa kashaamua, kwa hiyo nakwambia tena hapana.

Habari Mjomba. Niko Georgia. Nimekodi ekari 60 na rafiki yangu, tunawinda kwa kuvizia, unapanda kwenye dungu kabla ya alfajiri unakaa kimya masaa matano. Msimu uliopita mara tatu mbwa wa watu wamepita chini ya dungu langu wanapiga kelele, kulungu wote kwisha. Nimelipa pesa yangu. Hapa Georgia kuna hiyo sheria ya kufuata mbwa kama ya Virginia? – Wa Dunguni

Nzuri. Hapo kwako hali ni tofauti na ndo maana nimefurahi umeuliza, watu wanadhani kusini yote ni kitu kimoja.

Georgia walibadilisha mwaka 2003. Kwanza kuwinda kulungu kwa mbwa ni kaunti fulani fulani tu, nyingi za kusini mwa jimbo, kaunti nyingine hairuhusiwi kabisa kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kuangalia kaunti yako imo au haimo. Pili ardhi yenyewe inakatiwa kibali, na sio kila ardhi inapata, kama ni ya kukodi lazima iwe ekari 1,000 zilizoungana, kama ni ya kwako mwenyewe 250. Unaona akili iliyopo pale, mbwa wa kulungu akianza anakula kilomita kwa kilomita, kwa hiyo ukimpa ekari 60 kama zako ni sawa na kumwambia atoke. Tatu namba ya kibali inakaa kwenye kola ya mbwa na kwenye gari. Hicho ndo kitu cha maana kwako. Mbwa akipita chini ya dungu usihangaike na mbwa, hangaika na namba. Piga picha ya kola kama unaweza, piga picha ya gari, peleka kwa askari wa wanyamapori wa jimbo. Klabu yenye kibali ina kitu cha kupoteza, na ikijua namba yake imeandikwa mahali mara tatu itaanza kufungua mbwa katikati ya ardhi yake badala ya kwenye ukingo.

Florida nao wana mfumo wa kusajili ardhi na namba kukaa kwenye kola, na Alabama kuna kaunti ambako lazima kibali. South Carolina mwaka 2010 walipitisha sheria ya wawindaji watukutu, ile ya wanaogeuza barabara kuwa uwanja wa kuwindia huku mbwa wanapeleka kulungu kutoka kwenye ardhi za watu. Nimetaja haya kwa sababu kuna msomaji wa North Carolina kauliza kwa nini miti ya jirani yake imepakwa rangi ya zambarau. Ndugu, hiyo rangi ni kibao. Tangu sheria yao ya 2011 mstari wa zambarau uliosimama kwenye mti, wa kuanzia inchi 8, ni sawa na kuandika usiingie, na kuwinda hapo unatakiwa uwe na ruhusa ya maandishi mfukoni. Usidhani mtu alikuwa anapamba.

Kwa nini wasipige marufuku tu? Majimbo karibu yote Marekani hayaruhusu. Hawa wa kusini wana nini? – Mkereketwa

Swali zuri limeulizwa vibaya.

Ni kweli, waliobaki na uwindaji wa kulungu kwa kundi la mbwa ni majimbo kama tisa ya kusini, kuanzia Virginia kushuka mpaka Florida kisha magharibi hadi Louisiana na Arkansas. Texas walikuwa nao huko mashariki wakaufuta mwaka 1990. Louisiana kwenye msitu wa taifa wa Kisatchie ulifutwa 2012. Na hata Virginia yenyewe hauruhusiwi magharibi ya Blue Ridge, ni mashariki tu. Kwa hiyo kupiga marufuku kunawezekana, kumeshafanyika.

Ila uangalie ardhi yenyewe. Huko pwani na nyanda za kusini kuna vinamasi na vichaka vya misonobari iliyopandwa, vizito kiasi kwamba mtu hapenyi na akipenya haoni hatua kumi mbele. Mbwa ndo alikuwa njia ya kumtoa kulungu, na ndo maana wanatumia shotgani zenye golori, anatoka mbio karibu na wewe sekunde mbili katoweka. Na ardhi ilikuwa wazi, haina uzio, kampuni za mbao zilikuwa na maelfu ya ekari na wenyeji wakipita humo kama kwao, tajiri na maskini, mweusi na mzungu, hasa wazee ambao hawawezi kupanda dungu wala kutembea mbali, anasimama tu kando ya njia anasikiliza mbwa wa wajukuu. Mtu wa hivo ukimwambia uwindaji wake ni uhuni anaona umemtukana baba yake. Virginia mbwa wa jimbo ni American Foxhound, waliandika kabisa 1966, wana bendera, wana ndege, wana mbwa.

Kilichobadilika ni vipande. Ardhi ya kampuni moja ya ekari 3,000 ikauzwa, ikakatwa ekari kumikumi, watu wakajenga. Wewe uliyetoka mjini na mkopo wa benki ukanunua ekari 14 za utulivu hukuambiwa na dalali kwamba utulivu huo una msimu. Yule mwindaji naye hakuhama, alikuwa anafungua mbwa palepale alipofungulia babu yake, nyumba ndo zimemjia. Mi hapo huwa naona wote wawili wamedhulumiwa na mtu wa tatu ambaye ameshachukua kamisheni yake kaondoka.

Wamejaribu. Virginia mwaka 2008 hivi serikali ilikaa na pande zote mbili kwa muda mrefu, wataalamu wa chuo kikuu cha Virginia Tech wakisimamia, kila mtu akasema yake. Mwaka 2017 kukawa na mswada wa kumtoza mwenye mbwa dola 100 mbwa wake akikutwa kwenye ardhi iliyokatazwa, ukaanguka bungeni kwa kura za kuhesabu vidole. Halafu wenye mashamba wakageukia mahakama. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kesi ya California, haihusu mbwa hata kidogo, ilihusu kanuni iliyowaruhusu wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi kuingia mashambani masaa 3 kwa siku, siku 120 kwa mwaka, majaji 6 kwa 3 wakasema serikali ikimpa mtu mwingine haki ya kuingia kwenye ardhi yako imekutwalia mali na inabidi ikulipe. Wenye mashamba wa Virginia wakasoma wakasema hii ndo yetu, tofauti ni kwamba anayeingia kwetu kashika kamba ya mbwa, wakaifungulia serikali ya jimbo kesi.

Unataka maoni yangu, haya. Mi nisingepiga marufuku. Ningefanya kama Georgia, ekari za kutosha, namba kwenye kola, namba kwenye gari, na klabu inayorudia kosa inyang'anywe kibali, manake tatizo la Virginia sio kwamba mtu anaweza kumfuata mbwa wake, tatizo ni kwamba anaweza kuja bila mtu yeyote kujua ni nani mpaka umsimamishe umuulize, na mama mwenye watoto wawili peke yake nyumbani hatamsimamisha mwanaume mgeni kichakani kumuuliza jina. Haki ya kutajiwa jina aliyonayo kwenye karatasi haimfai kitu. Wawindaji wengi wazuri ninaowajua wangekubali namba kesho asubuhi, wanachoogopa ni kwamba ukianza na namba utamalizia na marufuku, na wakikumbuka Texas huwezi kuwaambia wanaota.

Mjomba, hawa watu hawaendi kanisani? Nauliza Jumapili napo wanaruhusiwa? – Mama wa Kwaya, Virginia

Jumapili hapana. Virginia iliruhusu kuwinda Jumapili kwenye ardhi binafsi kuanzia 2014, ila kulungu na dubu kwa mbwa bado imekatazwa siku hiyo. Ukisikia lile kundi Jumapili piga simu. Na siku zingine za msimu wa bunduki, kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwanzoni mwa Januari, vaa kizibao cha rangi ya machungwa inayowaka hata kama unaenda tu kwenye sanduku la barua, na watoto wavae, na usione aibu. Kufyatua risasi barabarani au risasi ivuke barabara ni kosa Virginia, lakini hilo litakusaidia baadaye tu, kizibao kinakusaidia sasa.

Mjomba ni mimi tena Mama Kuku, samahani nakuchosha. Barua ya kwanza nlikuwa nimeshatuma ndo likatokea hili. Jana usiku mbwa kaja kulala kwenye veranda, mwembamba, anatetemeka, masikio yamechanwa na miiba, kola ina namba ya simu. Mume wangu anasema tumfukuze, mi nimeshindwa. Nikimwingiza ndani nitaambiwa nimeiba?

Hujaiba. Ukimhifadhi mbwa wa watu uliyemwokota, Virginia inakutaka ndani ya masaa 48 ujitahidi kumtafuta mwenyewe na utoe taarifa kituo cha kuhifadhi wanyama waliopotea cha kaunti yako, basi. Kola usiivue, unaona nimesema hapo juu inavoweza kugeuka. Piga hiyo namba leo, piga asubuhi kabla hajaenda kazini, mwambie mbwa wako kwangu, njoo umchukue kwa barabara mpaka mlangoni nimekuruhusu na gari. Akija, kabla hajampandisha, mwambie taratibu kuhusu ile kona na mwonyeshe daftari, na umwambie na wale kuku wako wapi. Atakusikiliza siku hiyo kuliko askari yeyote angemlazimisha. Andika na namba yake vizuri isifutike, siku nyingine utampigia mbwa akiwa bado yuko kichakani.

Kwa sasa mpe maji kwanza kidogo kidogo asitapike, mtandikie gunia mahali pasipo na upepo, na mifupa ya kuku usimpe.